Dudumizi wa Mkomani na sauti ya jirani

Katika dakika ya 11 ya rekodi ya alfajiri, iliyofanywa juu ya dari la nyumba katika mtaa wa Mkomani, Lamu, ndege aitwaye dudumizi anaanza. Sauti yake inateremka haraka, du-du-du-du-du, kama maji yanayomiminwa kutoka chupa yenye shingo nyembamba, kisha inapanda kidogo kabla ya kukatika. Yuko mbali, upande wa mashamba nyuma ya mji wa Lamu. Wa pili anamjibu. Shore, ndege mwingine, hajanyamaza, na chini yao kuna punda anayekwaruza kwato kwenye mawe ya uchochoro.

Kuna na sauti nyingine. Mwanamke anazungumza kwa simu baada ya swala ya Alfajiri, taratibu, akijua kwamba waliomo nyumbani mwake wamelala. Maneno yake siyaandiki hapa. Inatosha niseme yalihusu deni na ndugu wa damu, na kwamba hakuna mtu wa Lamu ambaye angekubali maneno kama hayo yavuke mlango wake.

Nakiandika kisa hiki kwa ridhaa ya kijana aliyerekodi na ya mama mwenyewe, aliyetoa sharti moja tu: asitajwe yeye wala nyumba yake. Vinasa sauti vya bei nafuu vimefika hadi mikononi mwa wanafunzi, na kila wiki napata ujumbe wa mtu anayetaka kuanza kurekodi ndege wa mtaani kwao. Nawafurahia sana. Lakini kosa hili linaweza kumpata yeyote kati yao, na kosa lenyewe halionekani mpaka limeshatendeka.

Yaliyotokea

Kijana ni mzaliwa wa Mkomani, na mimi ndiye niliyemfundisha kushika maiki. Sehemu ya lawama ni yangu; nitaieleza mbele.

Wakati aliuchagua vizuri. Mwezi wa Julai kusi huvuma Lamu kutwa kucha, na rekodi hutoka na ngurumo hata ukiivisha maiki manyoya. Lakini kati ya kusi na kaskazi huja tanga mbili, siku ambazo upepo umelegea na haujaamua utokee wapi. Mvua za vuli nazo huwa zimeanza, na dudumizi hupenda kulia majira hayo. Ndiyo maana wapo wanaomwita ndege wa mvua. Huyu anayelia Lamu ni yule mwenye mstari mweupe juu ya jicho, ambaye wataalamu humwita Centropus superciliosus. Ni ndege anayesikika sana na kuonekana kwa nadra, kwa sababu hukaa vichakani na kwenye nyasi ndefu, hivyo anayemtaka hana budi kutumia masikio.

Alipanda darini kwa bibi yake saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Akasimamisha maiki ndefu kwenye stendi ya miguu mitatu, akaielekeza magharibi, akavaa hedifoni, akataja tarehe, saa na jina la mtaa kama nilivyomfundisha, kisha akakaa kimya dakika 40. Wakati wa kurekodi hakumsikia mtu. Nimemuuliza mara tatu, na namwamini. Alimsikia shore, akamsikia dudumizi kwa mbali, akaongeza nguvu ya maiki.

Baadaye akakata kipande cha dakika tatu, akakikuza kwa desibeli 18 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) ili dudumizi asikike hata kwenye spika ya simu, akakituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Watu wakamsifu. Siku ya nne jamaa mmoja wa yule mama alikisikiliza kwa hedifoni na akaitambua sauti. Kufika adhuhuri habari ilikuwa imeshamfikia mwenyewe.

Nilipigiwa simu jioni. Swali langu la kwanza lilikuwa kama ameshaipandisha rekodi Xeno-canto, hifadhi ya sauti za ndege iliyoanzishwa mwaka 2005 ambako watu wa dunia nzima huweka rekodi zao na yeyote anaweza kuzisikiliza. Alikuwa bado. Fomu ilikuwa imejazwa yote, pamoja na latitudo na longitudo zenye tarakimu tano baada ya nukta. Tarakimu tano humaanisha kosa la mita moja hivi. Kwa maneno mengine, kijana alikuwa tayari kuuonyesha ulimwengu siku, saa na dari aliloketi, na sauti ya jirani ikiwa ndani yake. Nikamwambia asiguse kitu chochote mpaka nifike.

Kwa nini maiki ilimpata

Mtaani ilishasemwa kwamba kijana aliielekeza maiki nyumbani kwa watu. Hakufanya hivyo. Maiki ilitazama mashamba, na nyumba ya mama iko upande mwingine kabisa. Hapa ndipo panapohitaji kufahamika vizuri, kwa sababu mrekodi mwenye nia safi hujiona salama akishageuza maiki.

Watu huidhania maiki ndefu kuwa ni kama tochi, inamulika mbele na kwingine ni giza. Lile bomba lake la sentimita 25 hivi huzuia sauti za pembeni, lakini kwa zile nyembamba tu. Sauti nene ina mawimbi marefu. Sauti ya hezi 500, yaani mitetemo 500 kwa sekunde, ina wimbi la karibu sentimita 70, refu kuliko bomba lenyewe, na bomba haliwezi kulichuja. Sasa dudumizi hulia chini ya hezi 1,000, na unene wa sauti ya binadamu uko huko huko. Ukimtaka dudumizi kwa maiki hiyo, umefungua mlango mpana kuliko unavyofikiri.

Halafu kuna umbali. Mahali pa wazi, kila umbali ukijirudufu sauti hupungua desibeli 6. Chukua mita 12, iliko nyumba ya jirani. Zirudufu mara nne unafika mita 192, yanakoanzia mashamba. Hizo ni desibeli 24 ambazo ndege amezipoteza njiani na jirani hakuzipoteza. Ndege aliaye kwa nguvu zake zote huko, na mtu anayesema chini chini hapa, wanaweza kufika kwenye maiki karibu sawa. Na alipokikuza kipande kwa desibeli 18, kimo cha kila wimbi kilipanda mara nane, la ndege na la mama bila ubaguzi.

Lakini mbona yeye mwenyewe hakusikia, na hedifoni masikioni? Swali hili lilinisumbua kuliko yote. Jibu nililoridhika nalo ni kwamba amezaliwa pale. Sauti ya mama huyo ameisikia tangu utotoni, asubuhi na jioni, na sikio lake lilishaacha kuihesabu, kama mtu wa Shela, kijiji cha ufukweni, asivyolihesabu wimbi. Akili yake ilikuwa ikimtafuta dudumizi, nayo ikamletea dudumizi. Mtu wa mtaa hudhani yeye ndiye anayefaa zaidi kurekodi mtaa wake, na kwa mengi ni kweli. Kwa hili mgeni angemshinda.

Na nyumba yenyewe. Nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa imlinde aliyemo na jicho la nje. Unatoka uchochoroni, unafika dakani, unavuka mlango, njia inapinda, ndipo ukute kiwanda, kisha msana baada ya msana mpaka ndani. (Msomaji wa bara nimweleze: daka ni kibaraza cha mlangoni, kiwanda kwa Lamu ni uwanja wa katikati ya nyumba, ulio wazi juu, na msana ni ukumbi mrefu mwembamba.) Mgeni wa kiume huishia dakani. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene, zimepakwa chokaa. Jicho limefungiwa kila upande. Sauti je? Chokaa ngumu haimezi sauti, huirudisha, na njia pekee iliyobaki wazi kiwandani ni juu, kuelekea mbinguni na kwenye madari ya majirani. Mama alikuwa ameketi kiwandani kwa sababu kuta hizo hizo nene zinakata mtandao wa simu ukiwa chumbani. Kila alichofanya kilikuwa sawa. Alijitenga na wenzake waliolala ili asiwaudhi, akashusha sauti, akakaa ndani ya nyumba yake.

Jaribio la kuisafisha rekodi

Kijana alitumaini programu ya kompyuta itaitoa sauti ya mama na kumbakiza ndege. Nilikaa naye usiku kucha, na nilikuwa natumaini pamoja naye.

Tuliifungua rekodi kwenye spektogramu, ile picha ambayo sauti nene huandikwa chini na nyembamba juu. Dudumizi alionekana kama msururu wa nukta fupi nzito zilizopangana kwenye mteremko, na upande wa juu shore amechora vijikunjo kama vya kalamu ya mtoto. Katikati yao, mistari ya sauti ya mama: mmoja chini, mwingine juu yake, na mwingine, kama ngazi inayoyumba. Ngazi hiyo ilipita ndani kabisa ya nukta za dudumizi.

Tulikata kila kilicho chini ya hezi 1,000. Dudumizi akatoweka, na maneno yakabaki yakieleweka, kwa kuwa herufi kama s, f, t na k hukaa juu zaidi ya hapo. Tukageuza, tukakata kilicho juu. Shore akafa, maneno yakawa mazito kama ya mtu aliyejifunika blanketi, lakini yeyote amjuaye mama angemtambua kwa mwendo wa usemi wake tu. Kufikia alfajiri ya pili tulikuwa tumekubaliana kwamba hapana namna.

Kuomba radhi

Hakwenda peke yake. Bibi yake alijifunga leso mbili, akavaa buibui, akamshika mkono. Mimi nilikaa dakani na mjomba wa mama, tukanywa kahawa bila kuzungumza sana. Yaliyopita ndani nimeyapata kwa bibi.

Kijana alisema, "Mama, nimekuja kutaka radhi." Mama akamjibu, "Mbona wanitia ndiani, mwanangu?" Hakupandisha sauti. Kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, ndia ni njia, na sikumbuki kuwahi kusikia neno linaloeleza vizuri zaidi madhara ya kurekodi mtu bila ridhaa kuliko hilo: kumtia mtu njiani, kumtoa alikojisitiri na kumsimamisha mahali ambapo kila apitaye anamwona.

Kisha akaomba asikilize mwenyewe. Akavaa hedifoni, akasikiliza dakika tatu zote mpaka mwisho, akazivua, akauliza jambo ambalo mimi, mwalimu, sikuwa nimelifikiria: "Na asubuhi nyingine?"

Kijana alikuwa amerekodi alfajiri tano. Tulikuwa tumeshughulika na faili moja kwa sababu ndilo lililozua maneno. Mama akataka zote. Kwa alasiri mbili, yeye na bibi walikaa msana wa nje na kusikiliza dakika 200, bibi akiandika nambari za dakika kwenye daftari la hesabu za duka. Sauti ya mama ilipatikana katika mafaili mawili zaidi. Katika la nne kulikuwa na jirani mwingine, mzee, akilia katika dua. Kwa huyo pia kijana alilazimika kwenda. Huko alikwenda bila bibi, na hakunieleza waliyozungumza.

Kufuta nako kulikuwa kazi. Msimamizi wa kundi aliwaomba watu waufute ujumbe, lakini waliokwisha kuuhifadhi walibaki nao, ikabidi kijana awafuate mmoja mmoja. Kadi ya kinasa tuliifomati, na watu wengi hukomea hapo. Kufomati kwa haraka hufuta orodha tu. Sauti zenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kuzirudisha zinapatikana bure. Kwa hiyo tulikiweka kinasa gatini, tukakiacha kirekodi maji yakigonga majahazi mpaka kadi ikajaa.

Sauti za kusikika na sauti za kusitiriwa

Mwenzangu mmoja wa Malindi, aliyerekodi soko la samaki la huko kwa miaka, hakukubaliana nami nilipomsimulia. Alisema tukianza kuwakwepa watu, tutawaachia wajukuu wetu rekodi za ndege wasio na mji, na mji bila watu ni uongo. Hoja yake naiheshimu. Ile rekodi ya darini ilikuwa nzuri kuliko yoyote aliyopata kurekodi kijana. Kwa mbali adhana ya msikiti uliochelewa kidogo ilikuwa imemkuta dudumizi katikati ya wimbo, na vyote viwili vikaenda pamoja kwa pumzi tatu. Nimeifuta kwa mkono wangu, na moyo uliniuma.

Ila naona kuna mpaka, na lugha yetu inaujua. Adhana hutolewa isikike. Mwenye punda anayepiga "Simile!" anataka asikiwe. Muuza kahawa anayegonga vikombe viwili vidogo anawaita watu kwa mlio ule. Hizi ni sauti zilizotumwa nje na wenyewe, na rekodi ya Lamu isiyo nazo ni pungufu kweli. Sauti ya mtu kiwandani kwake haikutumwa popote. Imevuja tu, kama harufu ya mchuzi inavyovuka ukuta: unaweza kuisikia harufu, huna haki ya kwenda kufunua chungu. Maiki iliyokuzwa desibeli 18 imefunua chungu.

Kwa watu wa Lamu jambo hili lina mzizi wa dini pia. Surat an-Nur, aya ya 27, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka watake idhini na kuwasalimu wenyewe, na al-Hujurat, aya ya 12, inakataza kupeleleza. Sheria ya nchi nayo inagusa hapa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inalinda taarifa za mtu anayeweza kutambulika, na sauti iliyofungwa pamoja na saa na mahali inamtambulisha mtu vizuri kabisa. Lakini kijana hakuhitaji sheria. Kila siku ya maisha yake amepiga hodi kabla ya kuvuka kizingiti. Hakuna aliyemwambia kwamba maiki nayo huvuka.

Hapo ndipo lawama yangu ilipo. Nilimfundisha kutaja mtaa kwa sauti mwanzoni mwa rekodi, nikamfundisha kuandika mahali kwa usahihi wote simu iwezao kutoa, kwa sababu hivyo ndivyo rekodi inavyopata thamani kwa wanaochunguza ndege. Sikumfundisha kusikiliza watu. Sasa anayejifunza kwangu huzunguka nyumba za jirani jioni ya kabla na kupiga hodi: kesho alfajiri nitakuwa darini na kinasa, ninamtafuta ndege fulani. Nilidhani watu watakataa. Wengi husema, haya, tutazungumzia chumbani. Rekodi yoyote ya mtaani husikilizwa yote, kwa hedifoni, na mtu asiyekaa mtaa huo, ikiwa imekuzwa kuliko itakavyotumwa. Mahali tunaandika tarakimu mbili baada ya nukta, yaani kilomita moja hivi, na dudumizi hapotezi chochote kwa hilo.

Rekodi ya pili

Wiki mbili baadaye tanga mbili ilikuwa haijaisha. Kijana alimwendea mwenye shamba moja magharibi ya mji, akamweleza kila kitu, na kile kisa pia. Mzee akamwambia aje, ila asifunge mbwa wala asikanyage mihogo.

Alifika kabla ya mwanga, akaiweka maiki chini ya mwembe, akaondoka akae mbali nayo mita 20. Umande ulikuwa mwingi, na alikuwa ameifunga betri kwenye kitambaa kikavu pamoja na vijifuko vile vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Saa kumi na mbili kasoro dudumizi alilia karibu kiasi kwamba ilibidi nguvu ya maiki ipunguzwe. Karibu hivyo unasikia kitu ambacho darini hakikusikika kabisa: kabla ya wimbo kuna mguno mfupi, kama mtu anayesafisha koo. Wa pili alijibu kutoka ng'ambo ya ua wa makuti, kwa sauti iliyotofautiana kidogo na ya kwanza.

Kipande kina dakika 4. Msikilizaji wake wa kwanza alikuwa yule mama, kwenye msana wa nje, kwa hedifoni zile zile. Kwenye lebo kijana ameandika jina la ndege, Kisiwa cha Lamu, tarehe, saa, na kwamba kulikuwa na umande na hapakuwa na upepo.